Nafasi Tupu kwenye Ramani ya Nakijwa

Sogeeni karibu, na mwenye maneno ayaweke akiba, maana hadithi hii siimalizi mimi. Nitawapa watu watatu na msichana mmoja mwoga, nitawapa mlima, kisha nitawaachia kesi. Kama humu ndani kuna Mpare, namwomba radhi mapema. Mama yangu mzazi ni Mpare, kwa hiyo nikiwasema wao ninajisema mwenyewe.

Kitongoji cha Irimbo kilikuwa ubavuni mwa mlima, huko Upare, nyumba saba chini ya ndiva. Asiyejua ndiva asione haya. Ni bwawa lililochimbwa na wazee huko juu, linakusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi linafunguliwa maji yashuke mferejini hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Zamu ya maji huko si mchezo. Mtu anaweza kukusamehe ukimtukania babu yake, lakini ukimwibia zamu ya maji mtakutana barazani, na kesi hiyo wataimaliza wajukuu zenu.

Huko Irimbo kulikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Nambua, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, asiye na mtoto. Ukoo wake uliilinda ndiva kwa vizazi vitano, na yeye ndiye wa tano. Kipaji chake kilikuwa maji. Kila alfajiri alitumbukiza fimbo yenye alama ndani ya ndiva, akaitazama mara moja, akakwambia leo maji yatafika kwa fulani na yatakatikia kwa fulani. Hakukosea hata kwa tuta moja. Watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwenyekiti.

Wa pili ni Elinihaki, mchimba makaburi. Kipaji chake kilikuwa udongo. Alipiga jembe mara moja, akainamisha sikio, akakwambia huko chini kuna mwamba, au mizizi, au maji. Katika makaburi yote aliyochimba, halikuporomoka hata moja kabla ya mwenyewe kulazwa. Watu walimheshimu, ila hawakupenda kumwona akiikodolea macho ardhi karibu na nyumba zao. Mchimba makaburi akisimama uani kwako akatazama chini, utamkaribisha chai au utamwuliza anapima nini?

Wa tatu ni Mbazi, kijana wa miaka thelathini, mpiga pembe. Kipaji chake kilikuwa kuita watu. Pembe ya Irimbo ilikuwa na kazi moja tu, kuwaita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji au kutengeneza njia. Mbazi mwenyewe alikuwa mtu wa porojo, na maneno yake watu waliyakata nusu kabla ya kuyasikiliza. Lakini pembe yake hawakuikata hata robo. Asiyefika msaragambo alipoteza zamu yake ya maji msimu mzima. Sheria hiyo haikujua mgonjwa, haikujua mwenye mgeni, na wala haikujua mchumba.

Na katikati yao alikuwapo Nakijwa, binti wa miaka ishirini, ambaye kipaji chake, kwa maoni yake mwenyewe, kilikuwa kuogopa.

Nakijwa alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma jiografia. Kitongoji kizima kilijigamba. Mama yake alitoa shukrani kanisani Jumapili mbili mfululizo. Wajomba walimletea begi lenye magurudumu, ingawa Irimbo hapakuwa na mahali hata pamoja pa magurudumu kuzunguka. Hakuna aliyejua siri yake. Nakijwa alikuwa hajui njia. Chekeni tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kidato cha tano alipotea kati ya bweni na bwalo wiki nzima ya kwanza. Alama zake nzuri alizipata kwa kukariri. Angeweza kukutajia mito ya nchi usizowahi kuzisikia, lakini ukimzungusha mara mbili hajui kwao ni upande gani.

Miezi miwili kabla ya kuripoti, barua ikaja kutoka idara ya jiografia. Iliorodhesha vitu vya kwenda navyo: vyeti, picha ndogo, koti la mvua, viatu vigumu vya kutembelea porini. Na mwisho kabisa, kila mwanafunzi mpya aje na ramani ya mahali anapotoka, aliyoichora mwenyewe kwa kuhesabu hatua zake mwenyewe. Siku ya kwanza ataieleza mbele ya wenzake.

Nakijwa aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Unaumwa?" mama yake akamwuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa mbona umekaa kama mtu aliyeitwa polisi?"

Alikuwa akijiona mbele ya wasomi wa kila mkoa, ameshika karatasi kichwa chini miguu juu, wakimwangalia. Watajua, aliwaza. Siku ya kwanza tu watajua kwamba nafasi hii niliipata kwa kukariri tu.

Lakini woga haukatazi kazi, unaichelewesha tu. Alichukua karatasi ngumu, penseli, kifutio, na dira aliyoazimwa na mwalimu wake wa zamani, akaanza kuhesabu hatua. Kwa kuwa aliogopa kupotea kwenye mlima aliozaliwa, aliomba asindikizwe.

Siku ya kwanza alisindikizwa na Nambua hadi ndiva.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hesabu hatua zako, usihesabu maji yangu."

Lakini Nakijwa alitaka kujua ukingo wa maji uko wapi ili auchore, na fimbo ilipotoka majini aliona alama. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, kijito kimejaa, na bado maji yalikuwa kiganja kizima chini ya alama ya jana yake. Nambua aliona kwamba ameona. Akamshika mkono.

"Wiki ya tatu sasa," Nambua alisema. "Yanaingia yote, asubuhi siyakuti yote. Nikisema, wataniambia mlinzi wa tano ameshindwa ndiva. Wewe unaondoka, mwanangu. Usimwambie mtu."

Siku ya pili alisindikizwa na Elinihaki kuvuka ubavu wa mlima, kati ya ndiva na nyumba. Nakijwa akihesabu, mia na moja, mia na mbili, akagundua wanazunguka mahali pasipo na kitu.

"Mjomba, mbona hatupiti hapa?"

Elinihaki alisimama. Kisha akafunua majani kwa ncha ya jembe. Chini ya majani ardhi ilikuwa imepasuka, ufa wa upana wa vidole viwili, umejipinda kuelekea kulia na kushoto hadi usipoonekana tena.

"Chini kuna maji," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeyasikia. Lakini mimi nikisema ardhi ya Irimbo imefunguka, watasema mchimba makaburi anatuombea msiba. Marehemu baba yangu walimfukuza kwa neno dogo kuliko hilo. Wewe unaondoka. Usiseme umeonyeshwa na mimi."

Siku ya tatu alisindikizwa na Mbazi hadi chemchemi iliyokuwa chini ya nyumba zote saba. Njia nzima alimtania kwamba mwanajiografia gani anashikwa mkono kama bibi harusi. Walipofika akaacha utani ghafla. Chemchemi iliyokuwa safi tangu enzi ilikuwa inatoa maji mekundu, mazito kama uji.

"Wiki mbili hivi," Mbazi alisema. "Nilisema mara moja kilabuni, wakacheka hadi machozi. Basi nimenyamaza. Na wewe usiniweke kwenye hadithi zako huko chuoni."

Mnaona mambo yalivyokuwa? Watu wazima watatu, kila mmoja ameficha kipande chake, na wote wamekwenda kukiweka kwa msichana mwoga kuliko wote, kwa sababu tu yeye ni msafiri. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wapare wanaijua methali hiyo vizuri kuliko mimi. Kuijua methali na kuifuata ni vitu viwili.

Jioni ile Nakijwa alikaa jikoni kwa mama yake akaviunganisha vipimo. Ndiva akaiweka juu. Ufa akauweka katikati. Nyumba saba akazipanga chini ya ufa, na yao ikiwa ya tatu. Chemchemi nyekundu akaiweka chini kabisa. Akaitazama karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani ramani ikamsemesha. Maji yanatoka ndiva, yanaingia ufa, yanapita chini ya vitanda vya watu, yanatokea chemchemi yakiwa yamebeba mlima.

Na sasa nitawaambia aibu ya Nakijwa, maana wengine nimeshawatolea zao. Alichukua kifutio akaufuta ule ufa.

Alijiambia amekosea. Yeye ambaye hujipoteza kati ya bweni na bwalo, atajuaje kinachopita chini ya ardhi? Tena ramani bila ufa ilikuwa safi, ya kupendeza, ya kuonyesha kwa maprofesa bila kuulizwa maswali. Na siri za wakubwa zilibaki mahali pake. Siku nzima iliyofuata mvua ilinyesha, naye alikaa ndani akipaka rangi ya kijani kwenye mashamba, huku moyo ukimdunda kwa sababu aliyokataa kuitaja.

Siku ya pili yake hakuweza kuvumilia. Alipanda peke yake, akihesabu hatua kwa sauti ili asipotee. Vidole viwili vilikuwa vimekuwa mguu mzima. Aliuingiza mguu wake ndani ya ufa, na kiatu, na ukaenea.

Alishuka akikimbia. Aliwaita Nambua, Elinihaki na Mbazi jikoni kwa mama yake, akaitandika ramani juu ya gunia la mahindi, akachukua penseli akaurudisha ufa mbele yao. Aliikandamiza penseli hadi mstari ukawa mnene. Alizitoa siri zote tatu kwa pamoja.

"Nani alikuruhusu kuandika ndiva yangu inavuja?" Nambua aliuliza.

"Samahani, shangazi."

"Nimekuuliza nani."

"Hakuna, shangazi. Naogopa tu."

Nambua alitazama karatasi. Elinihaki alitazama karatasi. Mbazi alitazama karatasi. Kisha Elinihaki akaweka kidole chake chenye udongo juu ya nyumba saba na kusema, "Mlima ukishuka, utashukia hapa."

Walikwenda kwa mwenyekiti, wakaomba watu wahamishwe, na mwenyekiti akaita wazee. Sasa nisikilizeni, na Mpare yeyote aniambie kama nasema uongo. Wazee walikubali ramani. Walikubali ufa. Halafu wakaanza kubishana ni nani mwenye kosa. Kama ndiva ilivuja wiki tatu, zamu za watu zilizopungua atazirudisha nani? Ufa uko shamba la ukoo gani? Ukoo huo ulitoa taarifa lini? Mmoja alisema babu yake alilala hapo miaka tisini na mlima haukumfanya kitu. Mwingine akasema kuhama ni sawa na kukubali kwamba mpaka wa shamba lake ni ule wa jirani. Mchana ukaisha. Wakaunda kamati ya watu tisa, ikutane Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na mvua ilikuwa inaanza tena.

Nakijwa alisimama nje ya baraza akilia kwa hofu. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Angeweza kuondoka. Mama yake asingeweza.

Hapo ndipo wale watatu walipofanya walichofanya.

Nambua alipanda hadi ndiva kabla jua halijazama, akang'oa kizibo, akaachia maji yote yaende upande wa pili wa mlima, korongoni, yasikokuwa na shamba. Watu walimpigia kelele kutoka chini, maji ya msimu yanamwagwa! Hakugeuka. Kisha akachukua jembe akabomoa na ukingo wenyewe, ukingo uliojengwa na mama wa mama wa mama yake, ili usikusanye tena hata tone. Alitoka pale mikono mitupu. Elinihaki alisema baadaye kwamba kama maji yale yangelala juu usiku ule, mlima ungeshuka watu wakiwa vitandani. Nambua ndiye aliyewapatia wakati.

Elinihaki alipanda hadi kwenye ufa alfajiri, akachomeka vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule, akavifunga uzi. Akalala kifudifudi kwenye matope, sikio ardhini. Uzi ukikatika anafunga mwingine, anahesabu. Saa mbili asubuhi alimwita Nakijwa kwa sauti, akamwambia, "Mwambie Mbazi mlima haufiki saa tano. Mimi nabaki. Ikibadilika nitapiga kelele." Alibaki upande wa chini wa ufa, kwa sababu upande wa juu hausikiki vizuri. Elinihaki ndiye aliyeujua wakati.

Mbazi alichukua pembe, akaenda zake hadi kilima cha ng'ambo, mbali na nyumba, mwendo wa robo saa. Akapiga mlio wa msaragambo. Hakukuwa na msaragambo. Hakuna mzee aliyemtuma. Tangu Irimbo iitwe Irimbo, pembe ile haikuwahi kusema uongo, na sheria ya pembe iliyosema uongo ilijulikana. Akapiga tena. Watu waliokataa kuhama kwa ajili ya uhai wao walitoka mbio kwa ajili ya zamu zao za maji. Walitoka na majembe, walitoka na wachanga migongoni, bibi mmoja mgonjwa alibebwa kwenye machela ili asiandikwe hakufika. Walipofika ng'ambo, kumi, ishirini, arobaini na mmoja, wakamkuta Mbazi amekaa juu ya jiwe.

"Kazi iko wapi?"

"Hesabianeni kwanza," Mbazi alisema. "Nani hayupo?"

Walikuwa wameshaanza kumshika shati waliposikia ukelele wa Elinihaki kutoka ng'ambo. Wakageuka. Nakijwa alikuwa amemshika mama yake mkono, na baadaye alisema kwamba kilichomtisha hakikuwa mshindo. Kilichomtisha ni kwamba mwanzoni hapakuwa na mshindo. Migomba ilianza kutembea. Ilitembea wima, taratibu, na nyumba ya kwanza ikaifuata, halafu ya pili, halafu yao, na moshi wa jiko la mama yake bado unapanda. Kisha ndipo sauti ikaja, na watu wazima wakajificha nyuso.

Hakufa mtu. Nyumba saba zilifukiwa, na mbuzi, na kila kilichokuwamo. Elinihaki walimchimbua kwenye ukingo wa maporomoko akiwa hai, mguu wa kulia umesagika. Hospitali waliukata juu ya goti.

Basi, jamani, hesabuni pamoja nami. Nambua alikuwa mlinzi wa ndiva, sasa hakuna ndiva. Elinihaki alikuwa mchimbaji, sasa hana mguu wa kukanyagia jembe. Na Mbazi, wazee walimshukuru kwa machozi, kisha wakaivunja pembe mbele yake, maana pembe iliyodanganya haipigwi tena, hata kama iliwaokoa waliokuwa wanaivunja. Kila mmoja alitoa kipaji chake, na kipaji hakikurudi.

Watu wa Irimbo walipewa ardhi tambarare upande wa ng'ambo. Ofisi ya ardhi ikataka ramani ya makao mapya, na aliyejua kuchora alikuwa mmoja. Nakijwa alihesabu hatua tena, safari hii peke yake, na hakupotea. Alichora nyumba mpya, njia, mahali pa kisima. Ilibaki nafasi moja tupu juu ya karatasi, ya jina. Afisa alisema: andika jina, nakala moja niachie, nyingine nenda nayo chuoni. Likishaandikwa ndilo litakalokwenda kwenye vitabu, na halifutwi.

Huko kwao kitongoji kipya mara nyingi huitwa Kwa fulani. Kwa nani, basi?

Mmoja akasema yaandikwe yote matatu. Wakamcheka. Ulimi ni mvivu, baada ya mwaka mmoja litabaki la kwanza tu. Mwingine akasema paitwe Neema, wakamkumbusha kata ile ina Neema tatu tayari na barua zao hupotea. Mama mmoja akasema kwa nini isiwe Kwa Nakijwa? Si ramani yake ndiyo iliyokutanisha siri tatu? Nakijwa aliposikia hivyo alitaka ardhi impasukie yeye. Alikuwa anaukumbuka ule ufa alioufuta, na siku nzima ya kupaka mashamba rangi ya kijani.

Wazee, wakijijua walivyo, wakakubaliana jambo moja kwa mara ya kwanza mwaka ule. Aamue anayeondoka. Yeye hatakuwepo wa kugombana naye.

Usiku huo Nakijwa hakupata usingizi wala nafasi ya kukiogopa chuo. Asubuhi wale watatu walimjia mmoja mmoja.

Nambua alisema, "Mimi sina mtoto wa kunitaja. Vizazi vitano vinaishia kwangu, na ukingo niliubomoa kwa mkono wangu. Siombi. Nakwambia tu jinsi ilivyo."

Elinihaki alisema, "Mimi nilifanya kazi ambayo watu hawataki kuikumbuka. Kila mtu hapa ana marehemu niliyemlaza vizuri, na hakuna aliyewahi kunialika harusini. Ningependa wanitaje siku moja bila kuwa na msiba."

Mbazi alisema, "Wao walipoteza kitu. Mimi nilipoteza kuaminiwa. Nikisema leo mvua itanyesha, watoto wanaanika nguo. Jina langu likiwa kwenye karatasi ya serikali, hilo haliwezi kuwa uongo, au siyo?" Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Nakijwa aliwaamkia, akawasikiliza, akawaogopa wote watatu kwa mapenzi. Kwa kila mmoja alipata sababu ya kusema ndiyo. Bila Nambua wangekufa wamelala. Bila Elinihaki wangeitwa mapema mno na kurudi nyumbani saa nne, wamechoka kungoja. Bila Mbazi wangekuwa ndani, wanabishana, saa tano inapogonga. Ondoa mmoja, na waliobaki wamehangaika bure.

Sasa yuko barabarani na begi lake. Basi linateremka, vumbi limeshaonekana kwenye kona. Afisa amenyoosha mkono akisubiri nakala yake. Nambua amesimama pembeni, Elinihaki ameegemea magongo, Mbazi anapiga teke changarawe, na wote watatu wanatazama upande mwingine ili wasionekane wanaitazama kalamu. Nakijwa ameiweka ramani juu ya begi. Ameandika neno la kwanza, Kwa, na mkono umesimama hapo, maana anajua kwamba atakapofungua kinywa mbele ya wenzake huko chuoni, jina hilo ndilo atakaloanza nalo, na nyumbani kuna wawili ambao hawatakuwamo.

Basi limefika. Kondakta anaita. Mimi nimemaliza yangu, na hukumu si yangu. Wewe uliyekaa hapo, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika Kwa nani? Na hao wawili ungewaaga kwa maneno gani?